Clock Tower: toleo lipi uanze nalo?

Ukiulizia gemu ya kutisha ya zamani ambayo mchezaji hapewi bunduki wala rungu, anapewa mshale wa kubofyea na miguu ya kukimbilia tu, utatajiwa Clock Tower. Hapo ndipo kazi inapoanza. Jina hilo limebebwa na gemu zaidi ya moja, na muuzaji akikuandikia "Clock Tower" bila kutaja mwaka wala mashine, bado hujajua unauziwa nini.

Gemu ya asili ilitoka Japani Septemba 1995 kwenye Super Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo ambayo Marekani iliitwa Super Nintendo. Waliitengeneza kampuni ya Human Entertainment, muongozaji akiwa Hifumi Kono. Mwaka 1997 ikahamishiwa Windows na PlayStation kwa jina la Clock Tower: The First Fear, kisha mwaka 1999 ikaingia kwenye WonderSwan, mashine ndogo ya mkononi. Zote hizo zilibaki Japani na kwa Kijapani. Katikati ya hayo, Desemba 1996, Human walitoa gemu ya pili ya PlayStation, Clock Tower 2. Ilipofika Marekani mwaka 1997 ile namba 2 ilifutwa, maana ya kwanza haikuwahi kuuzwa kule. Kwa hiyo diski ya PlayStation ya Kiingereza iliyoandikwa Clock Tower ni mwendelezo, na ukianza nayo utakuta watu wanazungumzia mauaji ambayo wewe hujayaona. Gemu ya asili ilikuja kutolewa rasmi kwa Kiingereza Oktoba 2024, ikiitwa Clock Tower: Rewind, kazi ya WayForward kwa kibali cha Sunsoft.

Wengi hulinganisha matoleo haya kwa picha. Picha ni jambo dogo. Swali la maana ni toleo gani linakuruhusu kufuta kosa lako, na kwa kiasi gani. Jennifer Simpson, msichana yatima wa miaka 14 unayemwongoza, ni mzito. Ukimwelekeza mlango ulio upande wa pili wa ukumbi, anautembelea kwa mwendo wake, hatua kwa hatua, huku wewe ukisikiliza viatu vyake na kungoja. Kila dakika ya kungoja ni dakika ambayo Scissorman, yule mwenye mkasi mkubwa kama wa kukatia ua, anaweza kutokea. Uzito huo ukiondolewa, kinachobaki ni jumba zuri lenye milango mingi.

Mfumo wa gemu ya asili ni huu. Unasogeza mshale kwenye skrini. Ukifika juu ya kitu kinachotumika, unabofya, na Jennifer anakiendea. Vitufe vya mabegani, L na R, vinamkimbiza kushoto au kulia. Pembeni kuna picha ndogo ya uso wake, na rangi ya nyuma yake hubadilika kutoka buluu hadi nyekundu kadiri pumzi zinavyomwisha. Kukimbia kunazila pumzi, na kushtuka pia. Ukiwa mahali salama unaweza kumwacha akae chini apumzike, na rangi inarudi taratibu. Mwenye mkasi akimfikia, picha ile inaanza kumetameta na wewe unapiga kitufe cha hofu mfululizo ili Jennifer ajinasue. Akiwa buluu, mara nyingi ananusurika. Akiwa mwekundu, andika umekufa.

Kosa la kwanza la wageni linatokea hapo: wanakimbia kila mahali. Wamezoea gemu ambazo kukimbia ni bure, basi wanavuka korido zote mbio, na Scissorman anapotokea bafuni wanakutana naye wakiwa tayari hoi. Tembea. Mbio ziwekee siku yake.

Kosa la pili ni kufuata ramani ya mtu mwingine. Jumba la familia ya Barrows, ambamo gemu yote inachezwa, halikai vilevile: baadhi ya vyumba hubadilishana nafasi kila unapoanza upya, na vitu navyo huhama. Mwongozo unaokuambia "mlango wa tatu ghorofa ya juu" unaweza kuwa sahihi kwa aliyeuandika na uongo kwako. Tafuta mwongozo unaotaja vyumba kwa alama zake, chumba chenye kasuku, chumba chenye kioo, chumba chenye wadudu, na unaoeleza kila kitu kinafanya kazi gani. Dawa ya wadudu ina mahali pake pa kutumika. Joho jeusi na manukato navyo vina pahala pake, chini kabisa, ambapo pua ya mbwa ina kazi kuliko macho yake. Kunguru uliyemfungulia kizimba anaweza kukulipa fadhila dakika za mwisho. Kipande cha paja la nguruwe usikidharau, hata kama nyumbani kwenu hakiingii jikoni: ukijikuta umefungiwa pamoja na mtu mwenye njaa, ndicho kitakachoamua nani atamla nani.

Kosa la tatu ni kudhani kila kitu ni salama kwa sababu mwenye mkasi hayupo. Kioo kinaua. Kasuku anashambulia. Mahali pa kujificha palipokuokoa mara ya kwanza panaweza kukusaliti mara ya pili, kwa hiyo ukishajificha sehemu moja, ihesabu kama imetumika na uwe na nyingine akilini.

Gemu ina miisho 9, kuanzia S, ulio bora, kisha A hadi H. Mwisho S unakutaka uwe umegundua siri za familia ya Barrows na uwe umemwokoa mmoja kati ya rafiki wawili, Anne au Laura. Lotte, rafiki wa tatu, hana bahati hiyo. Upande wa pili, ukipata ufunguo wa gari lililo kwenye gereji unaweza kuondoka mapema na kuwaacha wenzako ndani. Jennifer mwenyewe atasita kwanza, na ukimlazimisha, gemu itakulipa unavyostahili. Mchezo mmoja kamili ni wa saa mbili tatu kwa mgeni. Ni mfupi kwa makusudi: unarudia, jumba limebadilika, na unagundua kwamba chumba ulichoingia kwanza ndicho kilichoamua nani alikufa.

Sasa tuweke Super Famicom ya 1995 na Rewind ya 2024 ubavu kwa ubavu, maana wengi watachagua kati ya hizo mbili.

Rewind haikuchorwa upya. Ni gemu ileile, pikseli zilezile, zikiendeshwa ndani ya Carbon, programu ya kampuni ya Limited Run Games ya kuendeshea gemu za zamani kwenye mashine za sasa, na inapatikana kwenye kompyuta, Switch, PlayStation na Xbox. Ukiiwasha unachagua njia mbili. Ya kwanza ni gemu kama ilivyotoka 1995. Ya pili inaongeza vitu vilivyokuja na matoleo ya 1997 pamoja na marekebisho ya uchezaji. Juu ya zote mbili kuna uwezo wa kusevu popote na wa kurudisha muda nyuma. Kuna vichujio vya kuiga runinga za kioo cha zamani, hadithi za katuni zinazosogea zenye sauti za waigizaji, na mahojiano na Kono.

Tatizo liko kwenye kurudisha nyuma. Umefungua kabati, mkasi umetoka, umekufa. Unashika kitufe, muda unarudi, unafunga kabati. Fanya hivyo mara tatu na Scissorman amegeuka kengele ya saa: inalia, unaizima. Kwa upande mwingine, uwezo huohuo ndio unaofanya miisho 9 iwezekane kwa mtu mwenye kazi na watoto. Ushauri wetu: mchezo wa kwanza cheza njia ya asili, na kitufe cha kurudisha nyuma kisiguswe hata ukifa kijinga. Gemu ya 1995 yenyewe haina ukatili mkubwa katika hili. Ukifa, chaguo la kuendelea linakurudisha karibu na pale ulipofia. Hakuna haja ya kuongeza mto juu ya godoro. Ukishaona mwisho wako wa kwanza, uwe wowote, hapo sevu kabla ya kila njia panda na ukusanye iliyobaki.

Ukitaka katriji halisi ya Super Famicom, jua mambo matatu. Maandishi yote ni Kijapani, na gemu hii ina maelezo ya kutosha kukupoteza usipoyasoma. Mashine ya Super Nintendo ya Marekani inaisoma katriji ya Kijapani, ila vipo vijino viwili vya plastiki ndani ya tundu vinavyozuia umbo lake. Watu huving'oa kwa koleo. Mashine ya mfumo wa PAL, ile ya Ulaya, ina kufuli la eneo na inahitaji adapta, na picha yake ni ya hezi 50, maana yake Jennifer aliye mzito anakuwa mzito zaidi.

Wapo wanaotumia emyuleta, programu inayoiga mashine ya zamani ndani ya kompyuta, na tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na kikundi cha mashabiki cha Aeon Genesis. Tafsiri ni faili dogo la kiraka linalobadilisha faili la gemu, si gemu yenyewe. Gemu unatakiwa kuinakili kutoka kwenye katriji yako, kwani kuipakua mitandaoni ni kuvunja sheria, na tangu 2024 kisingizio cha "haiuzwi" kimekwisha. Kiraka kikiharibu gemu, ikaanza na skrini nyeusi au herufi zilizovurugika, mara nyingi sababu ni moja: faili lako lina kichwa cha baiti 512 kilichoachwa na mashine za kunakilia za zamani, na kiraka kilitengenezwa kwa faili lisilo nacho, au kinyume chake. Gawanya ukubwa wa faili kwa 1024. Ikibaki 512, kichwa kipo. Ikibaki sifuri, hakipo. Soma maelezo yaliyokuja na kiraka ujue kinataka lipi, na fanya kazi kwenye nakala, kwa sababu kiraka cha aina ya IPS hakikagui chochote: kinaandika tu juu ya kilichopo, sahihi au si sahihi.

| | Super Famicom 1995 | Rewind 2024 | PlayStation 1996/97 |
|---|---|---|---|
| Hadithi | Ya kwanza | Ya kwanza | Ya pili |
| Lugha rasmi | Kijapani | Kiingereza kimo | Kijapani. Kiingereza kwa toleo la Marekani |
| Picha | Za pande mbili, pikseli | Zilezile, na vichujio | Poligoni (za pande tatu) |
| Kufuta kosa | Kuendelea baada ya kufa | Kusevu popote, kurudisha nyuma | Kadi ya kumbukumbu |
| Miisho | 9 | 9 katika njia ya asili | 10 |
| Anayewindwa | Jennifer | Jennifer | Jennifer au Helen |

The First Fear haimo kwenye jedwali kwa sababu ni vigumu kuipendekeza leo. Ilipotoka ilikuwa na faida zake: video ya utangulizi, sauti bora ya CD, matukio ya ziada, na kwenye Windows unatumia mausi halisi, jambo ambalo gemu ya kubofya inalistahili. Lakini ni ya Windows 95 na ni ya Kijapani, na nyongeza zake sasa zimo ndani ya Rewind. Toleo la WonderSwan halina rangi. Jennifer anayepumua kwa rangi ya buluu na nyekundu, kwenye skrini isiyo na rangi! Liache kwa wakusanyaji.

Ya PlayStation ni mnyama mwingine, na inastahili kupimwa kwa mizani yake. Hadithi iko Oslo, mwaka mmoja baada ya jumba la Barrows. Jennifer sasa analelewa na Helen Maxwell, msomi wa saikolojia ya wahalifu, na mauaji ya mkasi yanaanza tena mjini. Badala ya jumba moja unapelekwa sehemu kadhaa, mwisho ukifika kwenye ngome ya ukoo wa Barrows huko Uingereza. Kuna wahusika wengi, mahojiano, waandishi wa habari, polisi. Ni hadithi ya upelelezi yenye muuaji ndani yake, wakati ile ya kwanza ni usiku mmoja ndani ya nyumba moja.

Inachoshinda: hadithi ina nyama zaidi, na kubahatisha nani yuko nyuma ya kinyago kunakuvuta hadi mwisho. Kuna vitu vya kumpigia mwenye mkasi na sehemu nyingi za kujificha, hivyo mbio zenyewe zina akili zaidi. Inakubali mausi ya PlayStation. Ukiipata, itumie, kwa sababu kusogeza mshale kwa padi ndicho kinachowakatisha wengi tamaa hapa.

Inachopoteza ni mengi pia. Poligoni za 1996 hazikuzeeka vizuri, nyuso ni kama za vinyago vya mbao. Uigizaji wa sauti wa Kiingereza ni mkavu kiasi cha kuchekesha pale ambapo mtu anatakiwa kulia. Linganisha na Jennifer wa 1995: mwendo wake ulitokana na picha za mfanyakazi wa kike wa Human aliyepigwa akitembea, akikimbia, akianguka, kisha zikageuzwa pikseli. Ndiyo maana anapojikwaa unaamini amejikwaa. Pikseli hizo chache zina mwili kuliko poligoni zilizokuja mwaka mmoja baadaye.

Na kuna mtego. Matendo yako katika utangulizi yanaamua utaongoza nani baadaye, Jennifer au Helen, na kila mmoja ana miisho yake 5, A hadi E. Gemu haikuambii kwamba umechagua. Ukitaka kuona upande wa pili, weka sevu ya mapema kabisa kwenye kadi na usiandike juu yake. Asiyejua hilo humaliza gemu, akaianza upya, akajibu yaleyale, akashangaa kwa nini anampata mtu yuleyule.

Kwa hiyo: kama hujawahi kugusa gemu hizi na unataka kutishwa, nunua Rewind, chagua njia ya asili. Kama unapenda kesi zaidi kuliko mshtuko, na una subira na picha za zamani, ya PlayStation itakufaa, ila cheza kwanza ya 1995, ni saa chache tu. Kama wewe ni mtu wa mashine halisi na unasoma Kijapani, katriji ya Super Famicom haina mpinzani. Kama una haraka au mkono mwepesi wa kubofya, hata moja haitakufaa; tafuta gemu nyingine.

Na ikiwa umekwisha kuzipenda zote, utasikia jina la NightCry ya 2016. Kono mwenyewe aliiongoza, mtengenezaji filamu Takashi Shimizu alihusika, na Masahiro Ito alichora muuaji wake. Iko ndani ya meli ya kitalii, unabofya, unakimbia, unajificha. Damu ni ileile. Lakini kamera inahangaika, wahusika wanakwama kwenye samani, na hitilafu zinakuua mara nyingi kuliko muuaji. Ni ya mtu aliyekwisha kuisamehe kabla ya kuinunua.

Asiyetaka kukimbizwa kabisa, anayetaka kubofya na kuogopa kwa nafasi yake, aangalie Sanitarium ya 1998 au I Have No Mouth, and I Must Scream ya 1995. Hizo zinatisha kwa mawazo, na hakuna anayekufuata koridoni. Ya pili inaendeshwa na ScummVM, programu ya bure ambayo ina toleo la Android, na kidole kinafanya kazi ya mausi vizuri kuliko padi yoyote. Unahitaji mafaili ya gemu uliyoinunua, ukayanakili kwenye folda moja ya simu, na kuielekeza ScummVM kwenye folda hiyo.

Kwa Clock Tower yenyewe, kabla hujaianza, rekebisha sauti. Sehemu kubwa ya gemu haina muziki. Kuna hatua za viatu, saa, mlango, kisha ukimya, na muziki unaingia mwenye mkasi anapoingia. Spika za runinga karibu na feni au dirisha la barabarani zinameza ukimya huo. Vaa vipokea sauti vya masikioni, sauti iwe ya kiasi ambacho hatua za Jennifer zinasikika bila kukazana, na usiipandishe zaidi ya hapo, kwa sababu mkasi unapofunguka hauanzi kwa sauti ya chini. Watoto wasikae karibu: waliokufa ndani ya jumba hilo ni wasichana wa shule, na gemu haifichi miili yao.